Naomba Nirudishiwe Kesi Yangu ya Ngazi

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Mahakama,
Ofisi yenye pazia la kijani.

YAH: KUMALIZWA KWA KESI YANGU BILA RIDHAA YANGU

Mheshimiwa,

Heshima zangu zote zitangulie, na salamu zifuate nyuma yake. Mimi ni fundi rangi, umri miaka hamsini na minane, mke mmoja, watoto wanne, na mpaka wiki tano zilizopita nilikuwa pia mshtakiwa. Nilikuwa mshtakiwa kwa miaka sita na miezi miwili, sikukosa tarehe hata moja, na sikuwahi kulalamika. Leo nalalamika kwa sababu mahakama yako imenivua cheo hicho kwa siku tisa tu, mchana kweupe, mbele za watu, kisha ikaniambia niende nyumbani.

Najua umezoea barua za watu wanaolia kwamba kesi zao zinachelewa. Hii si mojawapo. Naomba uketi vizuri.

Kaka yangu ni fundi bomba, mkubwa wangu kwa miaka minne. Nyumba zetu zimepakana. Katikati kuna ukuta tulioujenga wenyewe baada ya baba kufariki, yeye akichanganya saruji na mimi nikipanga matofali, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho tuliyoifanya pamoja bila kugombana.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, kaka alipanda juu ya paa lake kutengeneza tangi la maji lililokuwa likivuja. Ngazi yake aliiegemeza upande wa njiani. Mimi wakati huo nilikuwa napaka rangi duka la ng'ambo ya barabara, na ngazi yangu ilikuwa haifiki juu. Nikaiona ya kaka, nikaichukua. Nia yangu ilikuwa dakika mbili. Sikutazama juu, kwa kuwa fundi rangi akiwa chini hutazama ukuta, hatazami mawingu. Nilipofika dukani mwenye duka akaniletea chai, kisha akasema maadamu ngazi imepatikana ndefu, basi nipake na upande wa pili. Nikapaka upande wa pili.

Kaka akabaki juu. Shemeji, yaani mkewe, alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Simu ya kaka ilikuwa jikoni. Akaita. Wapita njia walimwona mtu mzima amesimama juu ya paa anapunga mikono na kupaza sauti, wakadhani anasimamia mafundi. Mmoja alimpungia na yeye, akaendelea na safari zake. Saa nane mvua ikanyesha, na haikuwa mvua ya utani. Mimi nilikuwa chini ya upenu wa duka, sikulowa. Saa kumi wakaja polisi, wameitwa na jirani, wakanikuta juu ya ngazi na brashi mkononi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, nilikamatwa nikiwa juu ya ushahidi. Askari aliniomba kwa adabu nishuke, ili wapate kuukamata na huo ushahidi. Wakautumia kumshusha kaka, kisha wakatuchukua wote.

Mashtaka yalikuwa mawili: kuiba ngazi, na kumzuia mtu juu ya paa kinyume cha sheria. Nikakana yote mawili. Kaka akasema, "Nilimwita mpaka sauti ikakauka, na alinisikia." Mimi nikasema sikusikia. Hapo ndipo kesi ilipokwama, na hapo ndipo ilipoanza kuwa tamu.

Kesi hii iliahirishwa mara arobaini na tatu. Ninazo zote katika daftari. Hakimu amehamishwa. Hakimu mpya hajafika. Hakimu amefika lakini meza yake haijafika. Mwendesha mashtaka ana harusi. Mwendesha mashtaka bado ana ile harusi. Faili halionekani. Faili limeonekana lakini si lenyewe. Na kila safari, mimi na kaka tulikuwepo kwenye benchi la nje ya Chumba Namba Nne. Lilikuwa benchi la mbao, mguu mmoja mfupi, linatosha watu wanne wenye amani au wawili wenye kesi.

Mwaka wa kwanza kaka alikaa ncha ile na mimi ncha hii, katikati tukauweka mwavuli wake. Hatukusemezana. Nyumbani pia hatukusemezana. Watoto wetu waliposalimiana getini, sisi wakubwa tulikohoa. Mwaka wa pili kaka akasahau miwani, na orodha ya kesi ilikuwa imebandikwa ubaoni kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Akasimama mbele yake muda mrefu, anajifanya anasoma. Nikamwambia, bila kumtazama, "Tuko namba kumi na saba." Akajibu, bila kunitazama, "Basi leo hatufikiwi." Hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza kwa miezi kumi na minne, na yalikuwa kweli tupu.

Baada ya hapo mambo yalijiendea yenyewe. Mimi nikawa naleta mayai ya kuchemsha, yeye chupa ya chai. Chumvi alibeba yeye, maana hajapata kuniamini na chumvi tangu utotoni. Tuliongea kuhusu magoti, kuhusu watoto, kuhusu hakimu gani ana usingizi. Tukirudi tulifuatana mpaka kona ya duka la dawa, hapo tunaachana: yeye anatangulia, mimi nahesabu mpaka mia mbili ndipo naondoka, ili mtaa usije ukafikiri tumepatana. Kesi ina heshima yake.

Mwaka wa tatu mama yetu alifariki. Msibani kaka alikaa upande ule na mimi upande huu, watu wakatupa pole kwa zamu kana kwamba tumefiwa na mama wawili. Jumatano iliyofuata tulikuwa na tarehe. Tulikaa kwenye lile benchi tangu saa mbili mpaka saa saba, tukalia pamoja, mayai yakabaki vilevile. Mwishowe karani akatoka kutuambia kwamba faili letu limepotea. Mheshimiwa, sijui nani alilipoteza siku ile, lakini kama bado yuko kazini naomba apandishwe cheo.

Mwaka wa tano goti la kaka likazidi, nikawa namshika mkono kupanda vile vidato vya mlangoni. Mwendesha mashtaka alipotuona akaniita pembeni, akanionya kwamba kumshikashika shahidi ni kosa lingine. Nikamshukuru sana. Nilitegemea litaongezwa.

Ndipo ukaja wewe, akaja na hakimu mpya, mama mwenye sauti ndogo na saa kubwa ya mkononi, na ikabandikwa getini karatasi isemayo MAHAKAMA INABORESHWA KWA AJILI YAKO. Mimi sikuomba. Naomba sasa niyapange malalamiko yangu kwa namba, maana najua sasa hivi kila kitu pale kwenu kina namba.

1. Ujumbe wa simu.

Zamani tarehe ya kesi ilikuwa kama manyunyu: unajua imekuja ukishalowa. Kwa hiyo mimi na kaka tulikwenda kila Jumatano kutazama ubao, iwe tunaitwa au hatuitwi. Mara nyingi tuliambiwa tarehe yetu ilikuwa jana, au ni kesho, au anayeijua yuko likizo. Sasa mmeleta ujumbe wa simu. Unakuja wiki moja kabla, unakuja siku moja kabla, na unakuja siku yenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Huo wa mwisho unamalizia kwa neno "Tunakujali."

Aliyeufungua ni mke wangu. Akaniamsha, akaniuliza kwa upole ambao sikuupenda, "Nani huyu anayekujali alfajiri?" Nikamwambia ni mahakama. Akasema, "Huyo Mahakama anakaa wapi?" Mpaka leo simu yangu inalala upande wake wa kitanda.

2. Dada wa mapokezi.

Naomba nieleweke, dada huyu hana kosa lake binafsi. Kosa ni lile bango alilobandikwa kifuani, NIULIZE. Nikamwuliza. Akajibu. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Zamani kuuliza ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Askari wa geti anakutuma kwa karani, karani anakutuma kwa karani mwenzake, na huyo anakurudisha kwa askari wa geti. Mimi na kaka tulilizunguka jengo lote, tukapumzika kila penye kivuli, na yale tuliyozungumza katika mizunguko hiyo ndiyo mambo ambayo ndugu huzungumza. Huyu dada alitazama mashine yake mara moja, akasema, "Chumba Namba Nne, saa tatu na nusu, na umekunywa chai, mzee?" Nusu dakika, na kujuliwa hali ndani yake. Nikabaki na saa nzima ya bure, sijui niipeleke wapi.

3. Vyumba vya kungojea.

Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya nilifika nikakuta benchi letu halipo. Mahali pake mmeweka milango miwili ya kioo. Mmoja umeandikwa WAATHIRIKA NA MASHAHIDI, mwingine WASHTAKIWA. Kaka akaongozwa kwenye mlango wa kwanza na mama mmoja wa ustawi wa jamii mwenye sauti ya pamba. Nikafuata, kama kawaida. Mama akaniwekea kiganja kifuani, akasema, "Wewe hapana, baba. Huyu analindwa." Nikamwuliza analindwa dhidi ya nani. Akasema, "Dhidi yako."

Nilikuwa na mayai yake matatu mfukoni.

Nikamwona kupitia kioo. Wamemkalisha kwenye sofa, wamemwekea jagi la maji, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na picha ya maporomoko ukutani ya kutuliza moyo. Amekaa katikati ya hilo sofa peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Shemeji alimwambia mke wangu baadaye, ukutani pale, kwamba yule mama alimshika kaka mkono akamwuliza, "Unapomwona huyo mtu, unajisikiaje?" Kaka akafikiri, akajibu, "Njaa." Wakaandika.

Nikajaribu kumpelekea mayai kwa mkono wa askari. Askari akayakagua moja moja, akayaandika kwenye kitabu, "Mayai matatu, kutoka kwa mshtakiwa kwenda kwa mwathirika," na kuyapeleka kwa mwendesha mashtaka, atazame kama ni rushwa au ni vitisho. Sijui mpaka leo uchunguzi umefikia wapi. Mayai hayakai sana.

4. Wakili wa bure, na watu wa usuluhishi.

Kwa miaka sita sikuwa na wakili, na hakuna aliyedhurika. Sasa mkanipa binti mmoja, umri wa mwanangu wa pili, bila malipo yoyote. Mheshimiwa, yule binti alilisoma faili. Alilisoma lote, kwa mchana mmoja, ana kalamu ya njano. Alipomaliza akaniuliza, "Mzee wangu, hii kesi ni ya nini hasa?" Nikamwambia ya ngazi. Akasema, "Hapana, nimeona ngazi. Nakuuliza ni ya nini." Niliona ametoka nje ya mipaka ya kazi yake.

Akatupeleka kwa afisa wa usuluhishi, ofisi yenye viti vya duara. Afisa akatueleza kwamba siku hizi ndugu wanaweza kupatanishwa hapohapo, wakashikana mikono, na kesi ikafutwa. Aliposema "ikafutwa," mimi na kaka tukasema "Hapana" kwa pamoja, sauti moja, kama kwaya. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana hadharani tangu ule ukuta. Afisa akaandika: "Pande zote mbili zina msimamo mkali." Hakuelewa. Kesi ikifutwa, Jumatano inakuwa siku kama siku nyingine.

5. Lalamiko la tano mke wangu amelisoma, akasema niliondoe. Nimeliondoa. Lilikuwa kali.

6. Kusikilizwa kwa kesi.

Mlisema saa tatu na nusu, na saa tatu na nusu hakimu akaingia. Watu waliokuwa wamezoea walikuwa bado wanamenya machungwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kuahirishwa. Nilivaa suruali ya kuahirishwa, ile yenye rangi kwenye magoti. Hakuna aliyetuonya kwamba siku hiyo mngetenda haki.

Tegemeo langu kubwa lilikuwa mwenye duka, shahidi mkuu, ambaye alihamia mji wa mbali na kwa miaka minne alikuwa nguzo ya uahirishaji wetu. Mkawasha kioo cha video ukutani. Akatokea mwenye duka, kichwa chake kikubwa kuliko mlango, yuko dukani kwake kulekule, anapima sukari. Akaniona, akasema, "Fundi, mzima wewe? Ile rangi bado imekaa." Kisha akatoa ushahidi wote kwa dakika sita, akarudi kwenye sukari yake. Miaka minne ya kutopatikana, Mheshimiwa, ikaisha kwa kubonyeza kitufe.

Ikaletwa ngazi. Ilikuwa imekonda. Karani alipoulizwa alikiri kwamba kwa miaka sita ilikuwa ikitumika kubadilishia taa za jengo zima, na kwamba siku ile kulikuwa na foleni ya kuiazima.

Siku ya tisa hakimu akasoma hukumu. Shtaka la kwanza: mshtakiwa alikusudia kuirudisha ngazi, kwa hiyo si wizi. Shtaka la pili: kumzuia mtu kunahitaji kujua kwamba mtu huyo yupo, na hapa, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa hakusikia." Kaka alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikatazama dari, ambalo kusema kweli linahitaji rangi.

Kisha tukatolewa kwa milango miwili, maana ulinzi wa mwathirika unaendelea mpaka getini. Kaka wakampakia kwenye gari la mahakama, wakamfikisha nyumbani kwa ajili ya goti lake. Mimi nilitokea nyuma, penye mapipa ya taka, mtu huru. Nilipofika kona ya duka la dawa nikasimama, nikahesabu mpaka mia mbili. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyetangulia.

7. Maisha baada ya haki.

Wiki tano sasa hatujaonana, na tunakaa hatua chache. Namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Nami hukohoa. Hayo si mazungumzo.

Nimejaribu kujisaidia. Wiki ya pili niliingia uani kwake saa sita mchana, nikachukua toroli lake la kubebea mchanga, nikalisukuma barabarani polepole, linapiga kelele kama kuku. Nilitaka nikamatwe kwa utaratibu. Shemeji akatoka mlangoni, akaniita, nikajua sasa mambo yamejibu. Akasema, "Shemeji, gurudumu halina upepo, pampu iko nyuma ya mlango." Nikarudisha toroli likiwa limejaa upepo. Hakuna kosa la jinai lililobaki duniani ambalo familia ile haitanisaidia kulitenda.

Nikaenda kituo cha polisi kujishtaki mwenyewe. Huko nako mmefika. Zamani ungepigiwa kelele na kuwekwa ndani, ukapata namba yako ya kesi kabla ya jua kutua. Sasa pana meza yenye maua, na afisa akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika, "Upweke," akanipa kijikaratasi na kunisajili katika kikundi cha watu walioachiwa huru. Kinakutana kila Alhamisi. Nilikwenda. Tuko kumi na mmoja. Kumi wanafurahi. Wakanichagua katibu kwa sababu ya mwandiko wangu, na ndiyo maana unaona barua hii imenyooka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu mkubwa. Faili langu lipotezwe upya, na safari hii lipotezwe na mtu mwenye uzoefu. Hukumu itenguliwe kwa msingi kwamba ilitolewa ghafla. Benchi lirudishwe, na ule mguu usitengenezwe. Na kwa kuwa mahakama yako inapenda ubunifu, nami nashauri ubunifu wangu: muanzishe Kitengo cha Uahirishaji kwa ndugu wasiosemezana. Hakihitaji mashine wala kioo. Kinahitaji benchi, karani mmoja msahaulifu, na mahali pa kutupa maganda ya mayai. Ndugu waandikishwe, wapewe tarehe, na tarehe hizo zisifike kamwe. Nina hakika mtajaza watu mpaka barabarani. Mtaani kwetu peke yake najua nyumba tisa.

Kama yote hayo hayawezekani, basi nishtakiwe kwa lile toroli.

Nisalimie karani wa zamani, na yule wa sasa asiyepoteza kitu. Nisalimie askari wa geti, dada wa NIULIZE (nimekunywa chai, mwambie), mama wa ustawi, yule binti wakili na kalamu yake ya njano, mwendesha mashtaka na mkewe, ambao harusi yao naifahamu kuliko wengi waliohudhuria. Hakimu msalimie kwa heshima ya pekee; mwambie sina kinyongo naye, alifanya kazi yake, na hilo ndilo ninalolilalamikia.

Wako mtiifu, anayengoja tarehe,

Fundi rangi, mshtakiwa wa zamani,
Kesi ya Ngazi.

Nyongeza:

Barua hii ilikuwa imeshakunjwa. Mke wangu akasema kabla sijaipeleka nimpe shemeji yake, yaani kaka, aisome, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa juu. Nikamwambia siwezi kwenda kwa mtu bila sababu. Akasema, "Si hiyo hapo mkononi?"

Nikatoka kwa geti langu, nikaingia la kwake. Kaka alikuwa barazani. Nikampa barua. Akavaa miwani, akasoma karatasi zote taratibu, akilamba kidole kila anapofungua. Kwenye lile jibu lake la njaa alicheka mpaka shemeji akachungulia. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akaweka kidole mahali pamoja, akasema, "Hapa umeandika hukusikia."

Nikamwambia ndivyo mahakama ilivyoridhika.

Akasema, "Sikuulizi habari za mahakama."

Basi, Mheshimiwa, nilisikia. Mara moja. Aliniita Kijiti, jina alilonipa mama nilipokuwa mwembamba, ambalo kaka hulitumia akiwa na shida ya kweli. Kwamba yuko juu ya paa sikujua, hilo nitaapa popote. Lakini jana yake tuligombana kuhusu mfereji wa maji ya mvua, nikadhani anataka kunisema, nikajiambia, mwache aite, leo simwitikii. Nikaingia chini ya upenu, nikaendelea kupaka. Nikamwambia hayo yote, nikamwambia, "Nisamehe, kaka." Sikuwa nimelitamka neno hilo kwa miaka sita, wala kwenye barua hii, pamoja na urefu wake.

Kaka akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akasema, "Nilijua. Sasa wewe ulidhani kule nilikuwa nafuata nini? Nilikuwa nangoja useme. Kila wakiahirisha nilijiambia, haya, labda mwezi ujao." Kisha akamwita shemeji alete kiti cha pili. Nimekaa hapo tangu adhuhuri mpaka jua linazama, na hakuna aliyetuita kwa namba.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote, pamoja na lile la tano lisilokuwepo, nayafuta. Maelezo ya hapo juu naomba yasitumike kama ushahidi. Nilitaka kuichana barua, lakini kaka amekataa; anasema mwandiko ni mzuri, na kwamba tutaileta wenyewe wawili Jumatano. Hakuna haja ya kujibu. Ila kama utaratibu mpya unakulazimisha kujibu, tafadhali, Mheshimiwa, chelewa kidogo, tupate kuja kuulizia.